Tangi Amerudi

Kazini walimwita Mjiwetu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi wa lifti katika jiji kubwa, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye kitambi cha wastani na bisibisi isiyotoka mfukoni hata siku aliyovaa suti. Hakuna jambo lililosemwa mbele yake asiinue kidole na kuanza: "Kule mji wetu..." Ukisema leo kuna joto, kule mji wetu joto lilikuwa likiyeyusha mishumaa kabatini. Ukisema jino linakusumbua, kule mji wetu alikuwepo daktari aliyeng'oa meno kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika simu, anaagiza mbegu za vitunguu. Vijana wa karakana walijifunza kumtega. Mmoja angetaja tu neno "njiwa", kisha wote wangetulia kuona mzee atapitia njia gani mpaka afike kwao. Na alifika. Hakuwahi kushindwa.

Mji wenyewe, kwa alivyousimulia, ulikuwa mdogo kiasi kwamba mgeni akiuliza njia alielekezwa kwa kidevu. Barabara mbili zilizokutana mahali palipoitwa Njia Nne. Posta, soko, shule, stendi, bekari moja, na hakuna hata nyumba moja ya ghorofa. Hilo la mwisho ndilo lililowavunja mbavu wenzake.

"Sasa wewe ulijulia wapi lifti?" walimuuliza.

"Ndiyo maana nikatoka," alijibu bila kutikisika. "Ningebaki ningempandisha nani, kwenda wapi?"

Katika hadithi zake zote, kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya tangi. Pembeni mwa soko la mji wao kulikuwa na mnara wa chuma wenye tangi la maji juu yake, kitu pekee kirefu katika wilaya nzima. Siku moja, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, koki ya tangi ilikwama, maji yakaanza kufurika, na mlinzi wa mnara, mtu mnene mpenda usingizi, alikuwa amelala fofofo. Soko lilikuwa karibu kuzama. Basi yeye, peke yake, mwilini kaptura tu, akapanda ngazi zote za mnara, akaikamata koki kwa mikono miwili, akaifunga. Aliposhuka, mji mzima ulikuwa umejaa chini, unapiga makofi.

Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliisikia hadithi hiyo kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa, na angeweza kuisimulia huku akimpima mtu presha. Hakuwa na neno nayo. Alichogundua tu ni kwamba ngazi zilikuwa zinaongezeka. Walipochumbiana zilikuwa sitini. Alipozaliwa mtoto wa kwanza zikafika themanini. Mwaka jana, mbele ya wageni, zilikuwa mia na ishirini.

"Mnara huu unakua kuliko watoto wetu," alimwambia siku hiyo wakiosha vyombo.

"Nilikuwa mdogo. Nilihesabu harakaharaka."

Kilichomtatiza mke ni kingine. Mtu anayeupenda mji namna hii, mbona hampeleki? Wakwe zake walihama huko mumewe akiwa na miaka kumi na minne, baba mtu, karani wa posta, alipohamishiwa jijini. Aliyebaki alikuwa dada mkubwa, aliyekwisha kuanza kazi bekari, na bekari yenyewe akaja kuirithi kwa bibi mmoja asiyekuwa na mtoto. Dada huyo alikuja jijini kila mwaka na kikapu cha mikate, akakaa wiki, akacheka na wifi yake, akarudi. Lakini wao kwenda? Mara barabara mbovu, mara watoto wana mitihani, mara lifti za hospitali zimegoma zote kwa pamoja. Na hadithi ya tangi iliposimuliwa mezani mbele ya dada mtu, yeye alitafuna polepole, macho kwenye sahani, kama anayetafuta mwiba kwenye samaki. Siku nyingine sahani ilikuwa ya viazi.

Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Dada alikuwa ameanguka kwenye ngazi za dari ya bekari, akishuka na gunia la unga mgongoni. Kifundo cha mguu kimevunjika, kimefungwa plasta, wiki sita. Wasaidizi wake wawili walikuwa wakijitahidi, ila mmoja alikuwa anaunguza na mwingine analiogopa tanuri.

"Pole sana, dada," alisema fundi. "Ngoja nione jinsi ya..."

Hakumaliza. Alisikia zipu ya sanduku chumbani.

"Una likizo ya siku thelathini hujaigusa tangu mwaka juzi," mkewe alisema akitokeza na viatu mkononi. "Na mimi ninazo zangu. Watoto ni wakubwa, kukaanga mayai wanajua. Jumatatu tunaondoka."

"Barabara ya kule..."

"Iliwekwa lami miaka tisa iliyopita. Dada yako aliniambia."

Safari ilikuwa ya saa saba, na katika saa hizo saba mke alishuhudia jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aolewe: mumewe alinyamaza. Kila walivyokaribia ndivyo alivyozidi kuzama kwenye kiti. Basi lilipoingia stendi alikuwa amevuta kofia hadi kwenye nyusi na kuvaa miwani ya jua, ingawa mawingu yalikuwa yametanda.

Hakufika mbali. Chini ya mwavuli mkubwa uliofifia rangi alikaa fundi viatu, mtu wa rika lake, misumari mitatu mdomoni. Aliinua macho, akaitazama ile kofia, akautazama ule mwendo, akaitema misumari.

"Tangi!" alipiga kelele. "Jamani, Tangi amerudi!"

Muuza magazeti akageuka. Mkata tiketi akatoa kichwa dirishani. "Tangi yupi? Yule yule?"

"Yule yule! Hebu tazama masikio!"

"Tangi ni nani?" mke aliuliza.

"Nadhani," alisema mumewe, akiongeza mwendo huku sanduku likirukaruka nyuma yake, "siku hizi hapa wanauza sana matangi."

Bekari ilikuwa hatua chache kutoka Njia Nne, nyumba ya mawe yenye mlango wa bluu. Mbele kulikuwa na duka: kaunta ya mbao iliyolika kwa viwiko vya watu, rafu tano, kengele juu ya mlango. Nyuma ndiko kwenye kazi. Meza ndefu ya kukandia, tanuri la matofali lenye mdomo mpana, mashine ya kukandia unga, na kwenye kona mashine nyingine ya zamani iliyokwisha kufa, imefunikwa turubai. Pembeni ilisimama ngazi ya mbao, wima kama ukuta, iliyopanda hadi darini ulikohifadhiwa unga usishikwe na unyevu.

Katikati ya yote hayo alikaa dada, mguu wa plasta juu ya kreti la soda, mkononi kifimbo cha kusukumia unga, ambacho tangu avunjike mguu alikuwa akikitumia kuelekezea watu.

"Wifi yangu! Karibu mpenzi, usinikumbatie, utatoka mweupe. Na wewe, vua hiyo miwani. Nusu ya mji wameshanipigia simu."

Mke alipokwenda kunawa, fundi akainama sikioni mwa dada yake. "Dada, nakuomba kitu kimoja. Mke wangu asikae kaunta."

"Kwa nini?"

"Atachoka."

"Mtu anayezalisha wanawake kumi kwa zamu moja atachoshwa na kuuza skonzi?" Dada alipaza sauti. "Wifi! Wewe utakaa kaunta! Huyu atabeba unga!"

Kesho yake kengele ya mlango haikupumzika. Watu walinunua mikate wasiyoihitaji. Wengine walikuja mara mbili, wakajifanya wamesahau kitu. Wote walinyoosha shingo kutazama nyuma ya pazia, lakini Tangi alikuwa darini miongoni mwa magunia, na kila kengele ilipolia alitokwa jasho ambalo halikuhusiana na kazi.

Saa nne hivi akaingia fundi viatu. Aliagiza nusu mkate, akaweka kiwiko kwenye kaunta.

"Shemeji, wewe ndiye mke wa Tangi?"

"Inategemea. Tangi ni nani?"

Fundi viatu aliuchungulia uso wake kuona kama anataniwa. Alipoona hataniwi, furaha ilimpanda taratibu usoni, kama mtu aliyekuta shamba zima halijavunwa. "Hakuwahi kukwambia?"

"Aliniambia alifunga koki."

"Koki!" Alishika kaunta kwa mikono miwili. "Koki gani, shemeji? Sisi rafiki zake ndio tuliomwambia hawezi kupanda mnara ule. Akapanda. Kupanda alipanda, tusimnyime haki yake. Alipofika juu akatazama chini, basi, miguu ikakataa kazi. Saa tatu nzima kakumbatia bomba, analia! Anamwita mama yake, anamwita baba yake, anamwita hadi mwalimu mkuu. Mlinzi alikuwa macho kabisa, ila kwa unene ule ngazi isingemvumilia. Mji mzima ulifunga biashara."

"Na maji yaliyofurika?"

Fundi viatu alishusha sauti kwa heshima. "Maji yalimwagika, hilo kweli. Ila hayakutoka kwenye lile tangi la juu." Alingoja lieleweke. "Ndipo alipopata jina."

"Sasa alishukaje?"

"Mgongoni mwa dada yake, kafungwa khanga kama mtoto mchanga! Miaka kumi na mmoja, shemeji, miguu inaning'inia mpaka huku. Na makofi yalipigwa, ndiyo. Ila hayakuwa yake."

Mke aliomba radhi, akavuka pazia, akainamia meza ya kukandia, akacheka mpaka mabega yakamuuma. Dada mtu, bila kuuliza, alimpa kitambaa.

"Nani kakwambia?"

"Fundi viatu."

"Basi umeambiwa sawasawa. Yule hatii chumvi."

"Wifi, miaka ishirini na mitatu! Mbona hukusema?"

"Anaisimulia vizuri mno," dada alisema, akipiga donge la unga kofi. "Na wewe ulikuwa unafurahi. Halafu, nikuambie ukweli, kila mwaka nilikuwa nataka kuona ngazi zimefika ngapi."

Mke hakumwendea mumewe siku hiyo. Alikuwa muuguzi, alijua kuna mambo yanayosukumwa na mambo yanayosubiriwa. Wakati wa chakula cha mchana aliuliza tu, kama anayeuliza saa, "Baba watoto, hivi ngazi za ule mnara zilikuwa mia na ishirini kweli?"

Fundi alitazama dirishani. Ng'ambo ya soko mnara ulionekana wazi, umeota kutu, mbuzi anajikuna kwenye mguu wake. "Kama tisini hivi," alisema.

Siku iliyofuata zilikuwa sabini, "kwa kweli kabisa sabini". Siku ya tatu mke alivua aproni, akavuka soko, akasimama chini ya mnara na kuhesabu kwa kidole, huku wauza nyanya wakimsaidia kwa sauti. Aliporudi alimkuta mumewe anapaka mafuta makopo ya mikate.

"Arobaini na mbili."

"Wameupunguza," alisema fundi.

"Wameupunguza?"

"Chuma huwa kinazama ardhini, miaka ikipita..." Hapo akainua macho akamwona mkewe usoni. Akaweka kopo chini. "Nani kakwambia?"

"Uliza nani hajaniambia."

Alikaa juu ya gunia, masikio yamemwaka moto. Alionekana mdogo ghafla, licha ya kitambi. "Nilitaka unione mtu," alisema mwishowe.

"Siku ya kwanza kukuona ulikuwa unaning'inia kwenye shimo la lifti la hospitali, ghorofa ya sita, unaimba. Koki uliniletea mwezi mzima baadaye. Nilikuwa nimeshaamua."

"Sikuwa naimba," alisema. "Nilikuwa nahesabu. Dada alinifundisha siku ile. Aliponifunga mgongoni aliniambia nifumbe macho, nihesabu ngazi kwa sauti moja moja, eti hofu itakosa pa kukaa. Nikahesabu zote mpaka chini. Hadi leo nikiwa shimoni nahesabu."

"Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo kwamba ni arobaini na mbili."

Fundi alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Nilijua."

Mke alicheka upya, na safari hii naye akacheka, kwanza kwa shingo upande, kisha kweli kweli, mpaka yule msaidizi aliyeliogopa tanuri akachungulia kuona kuna nini. Kuanzia siku hiyo fundi hakujificha tena darini. Alisimama kaunta pamoja na mkewe, na mtu akiingia na kusema "Tangi!" aliitika "Naam" kama mtu aliyeitwa jina lake. Ilikuwa rahisi kuliko alivyoiogopa. Watu walikuja kumcheka siku mbili tatu, wakamaliza, wakaanza kumuuliza habari za jiji na bei ya matairi.

Yangeishia hapo, kama si mwalimu mkuu.

Alikuwa mwalimu mkuu wa zamani, mwanamke aliyestaafu miaka mingi, mwenye miwani mizito na fimbo ya kutembelea ambayo kila mtu mjini alikuwa bado anaikwepa kwa mazoea. Aliingia Ijumaa ya wiki ya pili, asubuhi. Fundi alimwamkia shikamoo huku akijikuta amesimama wima, mikono nyuma.

"Marahaba. Kwa hiyo wewe ndiye uliyenikosesha mwalimu."

"Mimi, mwalimu?"

"Nani mwingine?" Alimgeukia mke. "Binti, dada yake huyu alikuwa mwanafunzi bora niliyepata kufundisha. Nilimtafutia nafasi ya usaili katika chuo cha ualimu. Gari la chuo lilikuja kuwachukua wasichana watatu pale Njia Nne, saa nne kamili asubuhi. Liliondoka na wawili." Alichagua mkate wake, akaubonyeza, akaridhika. "Wa tatu alikuwa juu ya mnara, anamfunga khanga huyu bwana."

Kengele ililia nyuma yake alipotoka. Fundi alibaki amesimama vile vile, mikono nyuma.

Hadithi ile alikuwa ameisimulia mara mia mbili, akaijaza maji, makofi na ngazi, na katika miaka arobaini hakuwahi kujiuliza dada yake alikuwa anatoka wapi asubuhi ile, au anakwenda wapi. Sasa picha zilimjia. Gauni. Dada alikuwa amevaa gauni la kola nyeupe, si la nyumbani, na miguu mitupu kwa sababu viatu alivivua chini.

Alipita pazia. Dada alikuwa anakata madonge na kuyapima kwenye mizani.

"Ulikuwa unaenda kwenye usaili," alisema.

Kisu hakikusimama. "Huyo mama hajui kunyamaza. Viatu vyenyewe vilikuwa vyake, vilinibana."

"Gari liliondoka ukiwa juu?"

"Lilipiga honi mara mbili. Nililiona mpaka lilipokata kona. Ukiwa juu kule unaona mbali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umeloa." Aliweka donge jingine kwenye mizani, akalipunguza kidogo. "Lakini usidhani nilikuwa malaika. Nilikuchukia mwaka mzima. Hukuona?"

"Sikuona."

"Nilipoanza kazi hapa, kila jioni nilikuletea nyumbani kipande cha pembeni kilichoungua. Kwa makusudi. Wenzako nawapa cha katikati, wewe kilichoungua."

Fundi alimkodolea macho. "Mimi nilidhani unanipendelea."

"Nini?"

"Ndicho ninachokipenda mpaka leo. Muulize mke wangu. Nyumbani nagombana na watoto kwa ajili ya kile kipande."

Dada aliweka kisu chini. Alimtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu aliyegundua kwamba kufuli aliyoilinda miaka yote haikuwa imefungwa, kisha akaanza kutikisika, machozi yakamtoka, na unga ukamchora mistari mashavuni. "Mwaka mzima!" alisema. "Mwaka mzima nakukomoa, kumbe nakunenepesha! Ndiyo maana nikaacha. Nilisema kumchukia mtu asiyeona ni kazi bure."

Walipotulia, fundi aliuliza kile alichokuwa anaogopa kukiuliza. "Unajuta?"

Dada aliokota kisu tena. "Shule zikifunguliwa," alisema, "watoto wakipita hapo nje na sare mpya, huwa nafikiri. Siwezi kukudanganya. Halafu unga unaumuka, hauningojei nimalize kufikiri. Ningekuwa mwalimu, sasa hivi ningekuwa nimestaafu, nina fimbo kama ya yule mama. Au ningekuwa na furaha tele. Sijui. Nipe lile kopo."

Alimpa kopo. Hakusema samahani, aliiona ndogo, na alijua dada yake angeitumia kumtania mpaka wazeeke. Lakini alasiri ile alisimama mbele ya ngazi ya darini. Aliipima kwa macho, kisha kwa futi kamba. Alimuuliza dada amebeba magunia humo kwa miaka mingapi. Thelathini na tisa. Magunia mangapi kwa wiki. Kumi na mawili, kumi na manne wakati wa sikukuu. Akaandika kwenye karatasi ya kufungia mikate, akaivua turubai ile mashine iliyokufa, akatoa bisibisi mfukoni.

"Usiiharibu!" dada alimfokea.

"Imekufa, dada."

"Imekufa lakini ni yangu."

Mota ya mashine ilikuwa nzima. Kilichokufa ni meno ya gia. Kapi mbili za kupitishia waya alizipata gereji. Chuma cha reli kilitoka kwa mchomeleaji wa geti. Waya wa chuma na breki viliwasili kwa basi kutoka kwa vijana wa karakana, pamoja na kikaratasi kilichosema: *Mzee, kule mji wetu kuna nini tena?* Kazi ilimchukua siku tisa. Mkewe aliomba nyongeza ya likizo kwa simu, akajikuta anampima presha fundi viatu, kisha mke wa fundi viatu, kisha foleni nzima kaunta, kila mtu na mkate wake mkononi. Dada, kutoka kwenye kiti chake, alikosoa kila msumari.

Siku ya kujaribu, bekari ilijaa hadi barabarani. Lifti ya kwanza katika historia ya mji! Haikuwa na mlango wala taa. Ilikuwa jukwaa la mbao lenye fensi inayofika kiunoni, linalopanda kwenye reli mbili hadi darini. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika kibao kwa mwandiko wa ubaoni: HAIBEBI WATU. Gunia la kwanza lilipanda bila kutikisika. Watu walisema "Aaa!" Gunia la pili likapanda. Fundi viatu akaomba kupanda yeye, akaonyeshwa kibao.

"Nisogezeni," alisema dada.

"Dada, kibao..."

"Nimekisoma. Nina wiki tatu sijaiona dari yangu. Najuaje hao panya hawajahamia?"

Katika miaka yake yote ya kazi fundi hakuwahi kumruhusu mtu kupanda lifti ya mizigo. Aliwafukuza wakurugenzi wenye tai. Alimtazama dada yake, akakagua breki mara mbili, akakagua waya, akakagua breki mara ya tatu. Dada alikaa juu ya gunia, mguu wa plasta umenyooka mbele, kifimbo mkononi.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Dada alianza kupanda taratibu, mwendo wa mkate unaoumuka, akiwatazama watu walio chini kama mgeni rasmi. Alipofika katikati, taa zikazimika, mota ikanyamaza. Umeme wa mji mzima ulikuwa umekatika.

Breki ilishika, kama alivyoifunga. Dada alibaki angani, hapandi hashuki. Kila aliyekuwepo alitoa ushauri. Mmoja alipendekeza magodoro. Muuza magazeti alipendekeza maombi. Fundi alikuwa ametota jasho, akihangaika kufunga mkono wa chuma wa kuizungushia mota kwa nguvu za mtu, na mkono wenyewe ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo kila mzunguko ulimpandisha dada upana wa kidole.

"Usiogope, dada!" alimwambia kutoka chini.

"Nani anaogopa? Wifi, niletee madonge, nafanya kazi hapa hapa."

Kweli, mkewe alipanda ngazi nusu, akamkabidhi sinia, na dada akakaa hewani akiviringa skonzi kwa dakika arobaini. Hapo fundi viatu alikohoa. Watu wote walijua anachotaka kufanya. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyeshika jina ulimini.

"Nasema mapema," dada alitangaza kutoka juu, bila kuinua macho kwenye skonzi. "Atakayenipa jina, hapati mkate kwangu mpaka afe."

Fundi viatu alilimeza jina lake. Hakuna aliyewahi kulijua.

Waliondoka wiki iliyofuata, na kikapu kilichojaa vipande vya pembeni vilivyoungua. Plasta ya dada ilitolewa mwisho wa mwezi. Tangu hapo hajabeba gunia hata moja, na wasaidizi wake wamekatazwa kubonyeza swichi, anabonyeza mwenyewe. Juzi alimpigia simu wifi yake wodini, katikati ya zamu.

"Mwambie mumeo lifti yake imeniharibia," alisema. "Sipandi ngazi, nimekuwa mnene, gauni zote zimenikataa. Mkija Desemba niletee mbili za saizi kubwa. Tena moja iwe na kola nyeupe."